Biti ya Kilosa, Sauti ya Mikumi

Mwanvua alikuwa msusi, na msusi mzuri huwa na kazi mbili: kukishika kichwa cha mteja kisiyumbe, na kuishika habari ya mteja isimponyoke kabla haijafika inakotakiwa. Saluni yake ilikuwa Mikumi, chumba kimoja cha rangi ya waridi nyuma ya pale malori ya Iringa yanapopumzika. Siku za kazi alisuka. Jumamosi aliimba kwenye maharusi, kwa sauti aliyoipata madrasa akighani kaswida, akaja kuinoa katika bendi moja ya dansi iliyopita Mikumi, ikakaa msimu, ikavunjika kwa ugomvi wa wapiga magita.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu alikuwa anafungua kitu. Huyu kafungua duka la mitumba, yule kibanda cha simu, mwingine gesti. Kompyuta, ambazo zamani zilikuwa mali ya ofisi zenye viyoyozi, zilianza kuteremshwa kwenye mabasi zikiwa zimeviringishwa mablanketi kama wagonjwa. Mbili kati ya hizo ziligeuka studio za muziki, moja Kilosa na moja Mikumi.

Ya Kilosa ilikuwa ya Optatus, kijana mrefu asiyetulia, aliyekaa nyuma ya stesheni katika nyumba ya babu yake, mzee aliyekuja zamani na kazi ya reli akasahau kurudi kwao. Ya Mikumi ilikuwa ya Bonifas, kijana mfupi, mtaratibu, anayepiga pasi shati hata siku ambayo hatoki. Studio yake ilikuwa chumba cha mwisho katika gesti ya mjomba wake, na ukutani alikuwa ameegemeza magodoro ya gesti ili sauti isigongegonge. Wageni wakijaa, magodoro yalirudi vitandani na studio ikafungwa.

Wawili hao walijifunza kazi pamoja Morogoro, kwa fundi mmoja, wakila sahani moja. Siku ya kuagana kila mmoja aliondoka na programu ya kutengenezea muziki aliyoipenda. Optatus alichukua Fruity Loops, Bonifas akachukua Cubase. Urafiki ukaishia kituo cha basi.

"Fruity unaiona yote mbele yako," Optatus alipenda kumwambia kila aliyekubali kusimama. "Vyumba vidogo vimepangwa mstari. Ukigusa hiki, ngoma inalia. Ukigusa kile, kofi. Chai haijapoa, biti tayari, na besi yake inatikisa bati. Hiyo Cubase ya Bonifas ni ofisi ya serikali. Hujapiga ngoma hata moja, umeshazungushwa madirisha yote."

Bonifas hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini maneno yake yalikuwa na miiba. "Fruity inazunguka palepale, kama kuku aliyefungwa kamba mguuni," alisema. "Halafu muulizeni, sauti ya mwimbaji anairekodia wapi? Humo hamna pa kuirekodia. Anakimbilia programu nyingine, Cool Edit, anarekodi huko, kisha anarudi nayo kama mtu aliyekwenda kuomba moto kwa jirani. Mimi kila kitu kiko nyumba moja. Gita chumba chake, kinanda chumba chake, sauti ya kwanza, sauti ya pili. Kila mmoja na mlango wake."

Mwanvua alikuwa ameimba kwa wote wawili, na alijua kwamba kila mmoja anasema kweli juu ya mwenzake na kujidanganya juu yake mwenyewe. Kwa Optatus mdundo ulikuwa mtamu kiasi kwamba miguu ilitangulia kabla ya akili. Ila sauti ilirekodiwa katikati ya chumba kitupu, pamoja na feni ya kompyuta, majogoo ya jirani na treni ya mizigo ikipita, na Optatus, aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye vyumba vyake vidogo, alisema jogoo analeta ladha. Kwa Bonifas kila neno lilitoka safi, limepigwa pasi kama shati lake. Ila kompyuta yake ilielemewa. Ukiimba, sauti yako ilikurudia kwenye hedifoni imechelewa kidogo, kama mtu anakuigiza ng'ambo ya mto. Bonifas alieleza kwa kirefu kwamba kosa si la Cubase, ni la kadi ya sauti, ambayo ilikuwa ya kawaida tu. Mwanvua alivua hedifoni sikio moja akaimba hivyohivyo. Na ngoma, Bonifas alizipiga kwa vidole kwenye kinanda, kwa uangalifu mwingi, nazo zikatoka na usingizi wake.

Mambo yangeendelea hivyo kama Mama Hilda asingekuja kusuka.

Mama Hilda, ambaye jina lake la ubatizo ni Hildegarda, aliwahi kuwa karani wa ghala la pamba la ushirika. Ushirika ulipokufa, hakulia na waliolia. Alinunua mashine ya kukamua alizeti, akaifunga karibu na soko la Kilosa, akayaita mafuta yake Chereko. Alikuwa na pikapu yenye spika mbili juu ya paa, ya kuzungukia magulio na minada. Kilichokosekana ni wimbo.

"Shikamoo mama," Mwanvua alimwambia, akimkaribisha kitini.

"Marahaba mwanangu. Nisuke mistari ya kulala nyuma, halafu nitafutie wimbo. Nasikia unaimba."

"Unataka wimbo wa namna gani, mama?"

Mama Hilda alifikiri, kichwa kikiwa kimeinamishwa. "Nataka mdundo wa kumfanya mtu asimame na jembe begani asahau alikokuwa anakwenda. Na akishasimama, asikie kila neno. Mimi nauza mafuta, Mwanvua. Siuzi kelele."

Mwanvua akatunga palepale, kitana kikiwa mdomoni. Mama Hilda alipoinuka, mistari miwili ya kwanza ilikuwa imekwisha:

*Samaki kajigeuza, akaiona Chereko,*
*Kasema nikaangeni, nife nikipata deko.*

Mwanvua alianza na Optatus, maana shangazi yake alikaa Kilosa na ilikuwa zamu ya kumsalimu. Optatus alitengeneza biti kabla shangazi hajamaliza kupika. Ilikuwa biti ya kishetani, yenye besi inayoingia tumboni na kofi linalopiga pale usipolitegemea. Wimbo ukawekwa kwenye kanda, kanda ikawekwa kwenye pikapu, pikapu ikaenda gulioni Ruaha. Watu walicheza. Walicheza mpaka mwenye meza ya nyanya aliziacha nyanya zake. Lakini Mama Hilda alipozunguka kuuliza kinachouzwa ni nini, mmoja alisema ni mkutano wa kampeni, mwingine akasema dawa ya meno, na bibi mmoja akasema amesikia jogoo, kwa hiyo ni chakula cha kuku.

Ikafuata zamu ya Bonifas. Alichukua muda mrefu kama kawaida yake. Alimrudisha Mwanvua neno kwa neno, akamwekea sauti ya pili juu ya ya kwanza, akafuta hata pumzi. Wimbo ukatoka safi kama hotuba. Pikapu ikaenda nao mnada wa ng'ombe, uwandani. Watu walisimama kwa heshima wakasikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyetikisa hata bega. Baada ya muda akaja mfugaji mmoja mtu mzima, jina lake Kisioki, akiwa na vijana wake na kundi la ndama.

"Tumeleta," Kisioki alimwambia Mama Hilda.

"Mmeleta nini, baba?"

"Ndama. Tumesikia sauti ya serikali. Tukajua ni chanjo."

Mama Hilda aliomba radhi, akampa dumu dogo la Chereko kwa usumbufu. Kisioki alinusa, akakubali, akaswaga ndama wake kurudi.

"Mwanangu," Mama Hilda alisema aliporudi Mikumi, "mmoja ananichezeshea watu bure, mwingine ananiletea ng'ombe. Kwa nini hao vijana wasikae pamoja? Huyu apige, yule arekodi."

"Wakikaa pamoja, mama, utahitaji polisi wa kurekodi maelezo."

"Basi tafuta njia. Wewe si msusi?"

Na kweli, maneno hayo ndiyo yaliyomwingia. Usiku huo Mwanvua hakuhesabu kwamba anapanga uongo. Alihesabu kwamba anapanga mistari: huu utoke huku, ule utoke kule, ikutane kisogoni, na kichwa kipendeze. Mwenye kichwa hana haja ya kujua vidole vilipita wapi.

Alirudi Kilosa. "Optatus," alisema, akiegemea mlango, "nipe biti tupu, bila sauti. Nataka nikafanyie mazoezi nyumbani."

Optatus alimchomea CD, tena kwa furaha, maana hakuna alichokipenda kama mtu kuomba biti yake. Kesho yake CD hiyohiyo ilikuwa Mikumi, katika chumba cha magodoro.

"Imetoka Dar," Mwanvua alimwambia Bonifas bila kupepesa. "Kuna produsa Sinza, nimejuana naye kupitia mteja wangu. Hataki jina lake litajwe kwanza."

Bonifas aliiweka. Besi ilipoingia, godoro moja liliteleza ukutani. Alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, akarudia.

"Unasikia?" alisema kwa sauti ya mtu aliye ibadani. "Unasikia hilo kofi lilivyokaa? Limecheleweshwa kidogo kwa makusudi. Huyu ni mtu aliyekomaa. Na hii ni Cubase. Naijua Cubase nikiisikia. Hivi vitu, Optatus na Fruity yake hawezi kuviota."

"Kweli hawezi?" Mwanvua aliuliza, akijishughulisha na kamba ya kiatu ili uso wake usionekane.

"Mwanvua, yule anatengeneza mlio wa simu. Huu ni muziki."

Akaiingiza biti kwenye Cubase, akampanga Mwanvua mbele ya maikrofoni, na siku hiyo, labda kwa sababu alikuwa anamfanyia kazi bingwa wa Dar, alirekodi kama hajawahi kurekodi. Mwanvua naye aliimba vizuri, maana kicheko alichokizuia kilimpa pumzi. Mwisho akaomba sauti yake peke yake, bila biti, kwenye CD ya pili.

"Ya nini?"

"Yule wa Sinza anataka kuisikia."

Bonifas alinyoosha kola. "Mwambie imerekodiwa Mikumi."

Sauti ile haikwenda Sinza. Ilipanda basi la Kilosa, ndani ya mfuko wa rasta za kusukia.

Hapa ndipo palikuwa pagumu, kwa sababu Optatus, pamoja na haraka zake, alikuwa na masikio. Aliingiza sauti kwenye kompyuta, akaiweka juu ya biti yake, ikakaa barabara tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Akazungusha kiti.

"Hii umerekodi wapi?"

"Dar," alisema Mwanvua. "Wiki iliyopita. Nilikwenda kununua rasta."

"Na mbona imekaa na biti yangu kama kidole na pete?"

Mwanvua alikunja mfuko wake wa rasta. Uongo wa kwanza alikuwa ameupanga nyumbani. Wa pili ilibidi autunge mtu akimtazama. "Niliwapelekea biti yako," alisema. "Wakaisikiliza wote, studio nzima. Wakasema tuimbie juu ya hiihii. Wakauliza huyu bwana wa Kilosa ni nani."

Optatus hakuuliza swali jingine. Alitazama dari kwa muda, kama mtu anayejiona yuko jukwaani. Halafu akairudia ile sauti, safari hii kwa heshima.

"Sikia usafi huu," alisema. "Sikia *nife* ilivyotoka, herufi zote zipo. Hawa wana programu mpya, labda toleo la Fruity ambalo halijafika huku. Bonifas angekuwepo hapa ningemwambia, njoo usikie mtu anavyorekodi. Yeye na Cubase yake anarekodi kama anasoma taarifa ya habari."

"Bonifas hawezi hivi?"

"Bonifas?" Optatus alicheka kwa huruma. "Mwache na magodoro yake."

Akaanza kazi, na hapo Mwanvua alikiri moyoni kwamba Fruity, mikononi mwa mwenyewe, ni kitu cha ajabu. Optatus alizimazima vyumba vyake vidogo, akawasha vingine, akafanya biti inyamaze kabisa pale samaki anapotamka jina la mafuta, kisha ianguke kwa kishindo. Neno *Chereko* lilibaki uchi hewani, kila mtu alisikie, ndipo besi ikalidaka. Jogoo alipowika nje, safari hii hakuingia kwenye wimbo.

Siku pikapu ilipopita Kidodi na wimbo huo, malori ya miwa yalisimama. Mama Hilda aliishiwa mafuta ya kuuza kabla ya kufika Mikumi. Wiki iliyofuata watoto wa Kilosa waliuimba wakienda shule, na mwalimu mmoja alilalamika kwamba darasa zima, likiulizwa jina la samaki yeyote wa ziwani, linajibu Chereko. Mwanvua alisuka kwa raha. Kila mteja aliyeimba samaki wake alimpunguzia maumivu ya kitana.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Hakumwambia Mama Hilda uongo wowote. Alimweleza kwamba mdundo ni wa Optatus na sauti imerekodiwa na Bonifas, kwa sababu Mama Hilda alikuwa mtu mzima, na mtu mzima hadanganywi bila sababu. Hakufikiria kwamba Mama Hilda pia ni mtu wa shukrani.

Jumapili moja Mwanvua alialikwa chakula cha mchana kwenye mashine, Kilosa. Alivaa kitenge kipya. Alipoingia uani aliona meza ndefu, pilau, samaki wa kukaanga, Padri, jamaa wa sokoni, na mwishoni mwa meza, viti viwili vikiwa vimeelekeana, Optatus na Bonifas wakitazama kila mmoja upande wake kama mabeberu waliofungwa mti mmoja. Kilichobaki wazi ni kiti cha katikati yao.

"Kaa hapo mwanangu," Mama Hilda alisema. "Uko na watu wako."

Mwanvua akakaa. Akajaribu kuomba maji, akaletewa maji. Akajaribu kuumwa tumbo, lakini Mama Hilda alikuwa ameshasimama.

"Sitasema mengi," Mama Hilda alianza, na akasema mengi: ushirika, pamba, mashine, ndama wa Kisioki. Kisha akageuka. "Lakini leo nawashukuru vijana hawa wawili. Optatus, asante kwa mdundo. Bonifas, asante kwa kuirekodi ile sauti ikatoka safi vile. Watu walisema hamuwezi kukaa pamoja. Mmewaaibisha."

Wageni wakapiga makofi. Optatus na Bonifas, kwa adabu waliyofunzwa makwao, wakainamisha vichwa kushukuru. Halafu vichwa vikageuka polepole, vyote viwili, vikamtazama Mwanvua.

Mbele ya Padri na pilau hakuna mtu angeweza kupaza sauti. Kwa hiyo ugomvi ulipiganwa kwa kunong'ona, nyuso zikitabasamu.

"Sinza," alisema Bonifas.

"Onja samaki," alisema Mwanvua.

"Studio nzima ilisikiliza," alisema Optatus upande wa pili. "Wakauliza bwana wa Kilosa ni nani. Nimemwambia mama yangu, Mwanvua. Mama ameiambia jumuiya nzima kanisani."

"Biti ile ni ya huyu?" Bonifas alinong'ona, kana kwamba Optatus ni chombo kilichosahauliwa mezani. "Ametengeneza huyu? Kwa Fruity?"

"Na sauti ile ni ya huyu?" alinong'ona Optatus. "Kwenye magodoro?"

Mwanvua aliweka kijiko chini. Aliona kwamba mbele na nyuma kumezibwa, na mtu akifika hapo, afadhali acheze. "Bonifas," alisema taratibu, "ulisema aliyetengeneza biti ile ni mtu aliyekomaa. Ulifumba macho. Optatus, wewe ulisema Bonifas angekuwepo ungemwita aje asikie mtu anavyorekodi. Sasa yupo. Mwambie."

Padri aliomba chumvi. Bonifas alimpitishia.

"Alifumba macho?" Optatus aliuliza mwishowe.

"Alirudia kuisikiliza," Mwanvua alisema. "Akasema naijua Cubase nikiisikia."

Optatus akafunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtikisika. Bonifas akawa mwekundu kwa kadiri rangi yake ilivyomruhusu. "Na yeye?" alidai. "Alisema nini juu ya sauti?"

"Kwamba herufi zote zipo. Kwamba labda ni toleo jipya la Fruity ambalo halijafika huku."

Sasa ikawa zamu ya Bonifas kuinamia sahani. Kwa muda mfupi Mwanvua alidhani amepona. Lakini watu wawili waliochekana kwa pamoja huwa na haja ya mtu wa tatu wa kumlaumu, na wa tatu alikuwa amekaa katikati yao akiwa na kitenge kipya. Walinyanyuka pamoja. Wakamshukuru Mama Hilda kwa pamoja. Wakatoka getini bila kumuaga Mwanvua, na aliwasikia wakiteremka barabara ya stesheni, wakibishana kuhusu kofi: lilicheleweshwa kwa makusudi au lilichelewa lenyewe.

Baada ya hapo milango ikafungwa. Akipita gestini, Bonifas alikuwa na wageni, magodoro hayapo. Akienda Kilosa, Optatus alikuwa na umeme mdogo. Jumamosi aliimba harusini kama zamani, lakini wimbo wa harusini huisha na harusi. Alijikuta akisuka kimya, na wateja wakauliza kama anaumwa. Mara mbili tatu alifikiria kwenda kuomba radhi, akakuta hajui aombe radhi ya nini hasa. Wimbo si ulikuwa mzuri? Halafu alimkumbuka mama yake Optatus mbele ya jumuiya, akajua ni ya nini.

Habari zikamfikia kwa njia yake ileile ya kawaida, kichwa cha mteja. Perpetua, aliyefua mashuka pale gestini, alisema kompyuta ya Kilosa imeletwa Mikumi kwenye pikapu ya Mama Hilda, imeviringishwa blanketi. Sasa zilikuwa mbili chumbani. Moja ilipiga ngoma, nyingine ilirekodi.

"Wamepatana?" Mwanvua aliuliza.

"Kupatana gani. Mchana kutwa ni Fruity hivi, Cubase vile. Mmoja anasema mwenzake anachelewa, mwingine anasema mwenzake anarukaruka. Mjomba amewatishia kuwahamishia bandani kwa mbuzi. Lakini hawaachani. Hata kula wanakula sahani moja."

Siku ya gulio la Mikumi, Mwanvua alikuwa mlangoni akimsuka Nashipai, mama muuza maziwa ambaye, tofauti na wafugaji wenzake walionyoa, alikuwa ameamua kuonja mtindo wa mjini. Pikapu ikapita. Besi ikatangulia, ile ya kuingia tumboni. Kisha sauti ya kiume, kila neno limepigwa pasi:

*Msusi ana mikono, mkono huu na ule,*
*Kakusuka nywele zako, kumbe rasta ni za yule.*

Watu wakaanza kucheka na kucheza. Biti ilinyamaza kabisa kwenye neno *msusi*, likabaki uchi hewani, kisha kishindo. Wimbo uliendelea kumweleza msusi huyo: asivyopepesa macho, anavyofunga kamba ya kiatu isiyofunguka, anavyokwenda Dar bila kutoka Mikumi. Mwanvua alisimama na kitana mkononi. Uso ulimwaka. Kabla aibu haijamaliza kupanda, mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kufuata mdundo, na hakuweza kuukataza. Wimbo haukuwa na kelele, haukuwa na usingizi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yote waliyowahi kufanya, na ilikuwa ya kumtukana yeye.

"Dada," alisema Nashipai, akijaribu kugeuza kichwa, "huyo msusi wanayemwimba ni wa wapi?"

"Tulia, nitakuvuta. Nasikia ni wa Kidodi."

"Lazima ni mtu mbaya."

"Mbaya sana," alisema Mwanvua. "Lakini nasikia anasuka vizuri."

Alisikiliza kiitikio kiliporudi, na safari hii alisikia kwa sikio la kazi. Wanaume wawili walikuwa wakiitikia wenyewe, wote chini, kama watu wanaosukuma lori. Juu palikuwa patupu. Palihitaji sauti ya pili, ya kike, ya kumtetea msusi au kumchongea zaidi, vyovyote, mradi ipande. Akaiimba kwa chini akimalizia mstari wa mwisho kichwani mwa Nashipai, na ikakaa.

Alipomaliza alifunga mlango wa saluni, akavuka barabara, akaenda gestini moja kwa moja. Kutoka chumba cha mwisho aliwasikia wakibishana. Akagonga, akaingia bila kungoja. Magodoro yalikuwepo. Walikuwa wamekaa bega kwa bega mbele ya kompyuta mbili, na wote wawili wakageuka.

"Mama yako nimemkosea," alimwambia Optatus. "Nitakwenda mwenyewe kumwambia, na jumuiya yake nitaiambia. Na wewe Bonifas, nilikucheka ukiwa umefumba macho. Lilikuwa jambo baya." Akavuta pumzi. "Hayo yameisha. Sasa kuhusu wimbo. Kiitikio chenu kimelala."

Optatus na Bonifas wakatazamana.

"Hakijalala," walisema kwa pamoja.

Mwanvua akachukua hedifoni zilizokuwa mezani, akazivaa, akasimama mbele ya maikrofoni akangoja. Walimwacha asimame hivyo muda mrefu kidogo, mpaka wakaridhika. Halafu Bonifas akanyoosha kola, akamkanyaga Optatus mguu ampishe, akabonyeza kitufe cha kurekodi.